Pampu Inayovuta Maji Bila Umeme

Leo nimeaibika mbele ya maprofesa, mbele ya ukoo wote, na mbele ya mama yangu mdogo mwenye bustani ya mboga. Nina hasira, kwa hiyo mtu asinibembeleze.

Saa nne asubuhi nilikuwa natetea kazi yangu ya mwisho wa masomo, hapa Lubumbashi. Hisabati ya uwezekano. Miaka mitano (sita, basi, sita!). Kuna ofisi ya mgodi iliyonipa nafasi ya kazi, na wanataka karatasi ya kumaliza masomo Ijumaa hii. Leo ni Jumatano.

Kazi yenyewe inahusu bustani za mtaa wa Kasungami. Umeme ukiwepo, pampu inavuta maji. Usipokuwepo, watu wanabeba ndoo. Nikaiandikia programu sharti: kama umeme upo, lita za maji zifuate mgawanyo huu wa uwezekano, kama haupo, ni sifuri. Halafu kompyuta ibuni siku elfu moja, kila siku na bahati yake. Rahisi! Nilijisifu hata mwenyewe.

Nikaeleza dakika ishirini. Mimi na ukoo tukatolewa nje ili maprofesa wajadiliane.

Hapo ndipo hasira ilipoanzia. Kwetu mtu akifaulu anamwagiwa poda. AKIFAULU! Mama mdogo Béa hakungoja. Kopo zima, kichwani, masikioni, ndani ya kola. Vigelegele! Picha!

"Mama mudogo, bado! Ba prof habajasema kitu!"

"Bado nini? Ulishasema français yote ile, banaweza katala nini?"

Mlango ukafunguka. "Candidat, rudi ndani. Tuko na swali moya."

Nikaingia mweupe hadi kope. Ukoo ukanifuata. Mwenyekiti, profesa wa kike asiyecheka hata kwenye harusi, akanitazama, akaacha kunitazama, akaonyesha jedwali langu ukutani.

"Soma ligne ya saba."

Nikausoma mstari huo kwa sauti, tena kwa madaha (mpumbavu mimi): "Umeme: hakuna. Maji: lita elfu mbili."

Ikaja sauti ya mama mdogo kutoka nyuma:

"Ee! Ile pompe njo minatafutaka! Banaiuzisha wapi?"

Ukumbi ukalipuka. Yeye wala hakutania, aliuliza kwa dhati inakouzwa pampu hiyo anayoitafuta!

"Kwangu courant ikienda, pompe inalala," akaendelea. "Ya huyu inatembea na nini? Na maombi?"

Profesa mmoja akalaza kichwa mezani. Mwenyekiti akavua miwani, akafuta machozi. Mimi nikajitetea kwa jenereta: "Pengine... groupe électrogène?"

"Iko fasi gani mu modèle yako?" akauliza mwenyekiti.

"Haiko, prof."

Basi akanieleza kosa, polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Kila nilipoandika jina la umeme, programu ilipiga bahati upya, kama anayerusha sarafu. Ilipiga mara moja kwa ajili ya safu ya umeme, ikapiga tena ndani ya sharti. Maji yakafuata umeme mwingine kabisa, si ule wa siku ile. Ilitakiwa nipige mara moja, niihifadhi ile bahati, ndipo niiulize. Mstari mmoja tu! Miezi minane nimeitazama programu ile, nimeiota, na sikuwahi kusoma jedwali lake kama mtu anayemwagilia mboga. Nilitaka kulia, lakini ukilia na poda usoni unakuwa uji.

Hawakunifelisha, hawakunipitisha. Nirekebishe, nirudi kesho saa mbili, mistari yote elfu moja ya jedwali ikaguliwe. Nikikosa kesho, Ijumaa kiti changu cha ofisini kinakaliwa na mwingine.

Nilipokuwa nakusanya nyaya zangu, nikamsikia mwenyekiti akisema kwa heshima kubwa: "Mama, kesho ukuye pia. Utaikala huku mbele na siye, utusaidie kuangaria."

Mama mdogo ameshatoa kitenge cha kuvaa kesho. Anayecheka hapo, nimemwona.