Kamera ya Hafidha ya Chini ya Maji

Jumanne, 2 Septemba 2025

Hafidha ameandika kwenye kundi letu la simu, la Waswahili wa Guangzhou. Mara ya kwanza tangu nimwingize. Anatafuta kamera ya video na kasha lake la kuzamia, lile linaloziba maji yasiingie. Anataka kurekodi matumbawe ya Makunduchi kabla joto la kaskazi halijaanza, halafu arekodi tena baadaye, ili akina mama wanaolima mwani waone kwa macho yao kwa nini mwani unawafia. Bi Kauthar wa Darajani, aliyekuja kununua vitambaa, anarudi Unguja Jumapili. Ataibeba.

Ujumbe ulinikuta soko la Zhongda, nachagua hariri za harusi za wateja wangu. Nikakaa juu ya jora la watu kuusoma. Laoban, mwenye duka, akaniambia niinuke. Sikuinuka upesi.

Mwaka jana, nilipokwenda Makunduchi, nilimwona akitoka majini. Kioo cha kuzamia kilikuwa kimemwachia alama ya duara usoni. Akanisalimia, akaenda zake kubadilisha nguo. Basi. Ndiyo habari yetu yote, na ninaijua kwa moyo.

Kabla sijajibu, Jovin kajibu. Jovin ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mhaya wa Dar, anasafirisha pampu. Amemuuliza anataka kuona nini, na katika kina gani. Maswali matupu. Mimi nikaandika: niachie mimi. Hafidha akatuma kidole gumba. Sijui kilikuwa cha nani.

Jumatano, 3 Septemba

Mpango umekaa vizuri. Asubuhi nilimwambia Jovin kwamba wakala wa bandari ya Huangpu anamtafuta, kontena lake lina matatizo, aende mwenyewe. Akaondoka bila hata kunywa chai. Huangpu ni mbali. Siku nzima ikawa yangu.

Nikaenda soko la kamera. Nilikuta ndogo, za kawaida, za kushikwa kwa vidole viwili. Mtu hawezi kumpelekea Hafidha kitu cha vidole viwili. Nikachukua kubwa, yenye lenzi kama bilauri.

Dada muuzaji akaniuliza, kwa kupitia simu inayotafsiri, itazama kina gani. Nikasema: kirefu. Akauliza tena. Nikasema: kirefu sana, tangu mwaka jana. Akaitazama simu yake, kisha akanitazama mimi.

Kasha ndilo lilileta ubishi. La kamera hii lilikuwa la kijivu. Kando yake palikuwa na jingine la buluu, buluu ileile ya maji ya Makunduchi saa nne asubuhi. Dada akasema bu xing, haiwezekani, hilo ni la kamera nyingine. Nikaijaribu kamera ndani yake. Iliingia. Ilicheza kidogo, lakini iliingia. Nikalichukua la buluu.

Alhamisi, 4 Septemba

Kikwazo kidogo. Kitufe cha kasha hakifiki kwenye kitufe cha kamera. Ukishafunga, huwezi kuanza kurekodi. Nimepata dawa: unaanza kurekodi kwanza, ndipo unafunga, ndipo unavaa mitungi ya hewa, ndipo unaruka. Hafidha atakuwa na video ndefu ya sakafu ya boti, lakini si neno.

Ili kamera isicheze, nimeizungushia hariri nyekundu ndani ya kasha, kipande cha sampuli nzuri kuliko zote nilizo nazo. Imetulia sasa. Na inapendeza. Hafidha akifungua ataona nyekundu juu ya buluu, na mtu mwenye akili anajua hariri nyekundu huvaliwa siku gani.

Jovin kaja kunigongea mlango. Nilijua nimekamatwa. Kumbe wakala hakuwa amemwita kabisa, lakini kwa kuwa alikuwa amefika, walipitia karatasi pamoja wakakuta kosa ambalo lingelikwamisha kontena. Akaniambia mimi ni ndugu wa kweli. Kaniletea balungi kubwa kama kichwa cha mtoto. Nimelila lote, kwa uchungu.

Ijumaa, 5 Septemba

Baada ya sala nilitafuta pa kuijaribu. Nina beseni, lakini beseni si bahari. Nikakumbuka mkahawa wa samaki karibu na stesheni ya Liuhua, wenye matangi ya vioo mlangoni, samaki wazima mteja anachagua. Nikamwomba mwenye mkahawa niichovye kamera yangu. Alikubali kwa sharti kwamba ninunue samaki. Nikasema nitanunua, kwanza nifahamiane nao.

Nikaanza kurekodi, nikafunga kasha, nikakunja mkono wa kanzu, nikazamisha.

Ndani alikuwemo chewa. Chewa hasa, mwenye madoa, mdomo umenuna kama mzee aliyeamshwa. Alikuja mpaka kwenye lenzi, akasimama. Sijui alikotoka. Pengine kafugwa hapahapa, wala bahari haijui. Lakini alinitazama kama mtu wa kwetu anavyokutazama akikukuta mji wa mbali, akingoja useme wewe ni wa nani. Nikasahau shughuli iliyonipeleka. Nikaona yale maji, na duara lile usoni mwa Hafidha, na jinsi alivyotikisa sikio litoke maji. Miaka minane nanunua vitambaa vya harusi za watu. Nikasimama pale, mkono ndani ya tangi, watu wakipita na mabegi yao.

Nilipozinduka, ndani ya kasha mlikuwa na maji. Uzi mmoja wa hariri ulikuwa umelala juu ya pete ya mpira inayoziba, ukayavuta maji ndani taratibu kama utambi unavyovuta mafuta. Kamera ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima kabisa.

Mwenye mkahawa akauliza ni samaki yupi. Nikamwonyesha kambale. Sikuweza kumla chewa.

Jumamosi, 6 Septemba

Hafidha amepiga simu mwenyewe. Nilikuwa nimeota siku hii, ila katika ndoto kamera ilikuwa nzima.

"Kaka Haroun," akasema. Kaka. "Kamera umeipata? Bi Kauthar anaondoka kesho."

Nikasema ipo, imelowa kidogo.

"Imelowaje na ina kasha?"

Nikamweleza kuhusu hariri. Siku zote nasema uongo bila taabu, lakini leo ulimi ulikataa. Nilisikia upepo wa kwao kwenye simu, na kuku.

"Kaka, mimi sitaki kitu kizuri," akasema. "Mwaka jana Mwanaidi kang'oa vigingi vyake vyote vya mwani akaenda kuosha vyombo hotelini. Nikiwaambia wahamishie kwenye maji ya kina, wanasema mimi ni mtoto, nimeona wapi. Nataka waone. Joto likianza kabla sijarekodi, nitakuwa na picha za wafu tu."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sikuwahi kumuuliza anataka ya namna gani. Nikapanda ghorofani, nikamwambia Jovin habari ya tangi. Ya Huangpu sikumwambia. Hakuna haja ya kumchosha mtu kwa habari nyingi. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akavaa viatu.

Tulirudi kwa dada yuleyule. Jovin alichagua kamera ndogo, ya vidole viwili, na kasha lililotengenezwa kwa ajili yake, lenye vitufe vinavyofika. Akaongeza kioo chekundu cha kubandika mbele ya lenzi, kwa sababu chini ya maji rangi nyekundu hupotea na kila kitu huwa cha buluu. Nyumbani akalifunga kasha tupu, na kipande cha karatasi laini ndani yake, akalizamisha kwenye beseni langu na jiwe juu. Karatasi ilitoka kavu. Ndipo akaweka kamera.

Tukiwa tunangoja alinionyesha picha ya Sia, mchumba wake wa Moshi. Harusi ni Desemba. Nikampa pongezi. Jovin ni mjanja kuliko nilivyodhani. Si kila mwanamume anaweza kutafuta mchumba mzima ili kujifichia.

Jumapili, 7 Septemba

Nimempeleka Bi Kauthar uwanja wa ndege. Kamera kaiweka kwenye mkoba wa mkononi, chini ya dawa zake za presha. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, ukimpenda mtu mwambie." Nikasema sijui anazungumzia nini. Akasema hata yule samaki amejua. Jovin ameshahadithia mji mzima.

Alhamisi, 25 Septemba

Video imefika. Nimeitazama ndani ya metro, nikapitiliza kituo, nikaitazama tena nikirudi.

Matumbawe kama bustani. Samaki wa njano. Mkono wa Hafidha unaingia mbele ya lenzi na kuonyesha jiwe moja lililoanza kupauka pembeni. Kisha pwani, akina mama wameizunguka simu yake, na mmoja wao anauliza kama hayo kweli ni ya hapa kwetu. Mwanaidi ameahidi kurudi shambani kwake. Mwishoni Hafidha anatushukuru, kaka Jovin na kaka Haroun, kwa mpangilio huo.

Kaongeza kwamba kwenye maji ya kina, anakotaka kuhamishia mwani, kule chini kabisa ni giza. Atahitaji taa za majini. Je, kuna anayejua?

Safari hii nimekuwa mwepesi. Nimemwandikia faraghani kwamba Jovin ameingia kwenye mambo ya harusi, asimsumbue. Taa nitachagua mwenyewe. Nimeshaona kubwa sana. Na nitazileta mwenyewe, nizamie naye nimshikie. Akauliza, kumbe nazamia? Nikamjibu: tangu utotoni.

Kweli, mama hakuturuhusu kuingia maji ya kupita magoti. Lakini nimetazama wanavyoogelea, kwenye simu. Ni mikono tu. Tiketi nimekata, na safari ya ndege ni ndefu, mtu anaweza kujifunza mengi.