Naomba Ninyimwe Visa ya Ghorofa ya Kumi na Nne

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba vile viti vipya vya ofisi yako vimeanza kuzoea watu.

Mimi ni Chamoi Kaewmoon, mjane, mchoraji mstaafu wa mabakuli yenye picha ya jogoo katika kiwanda cha ufinyanzi kilichokwisha kufungwa. Unanifahamu, ingawa huenda hukumbuki. Ndiye mimi yule mama anayekuja kila mwaka pamoja na Mholanzi mrefu, Bwana Henk Oosterveld, mpangaji wangu wa nyumba ya nyuma, ambaye mtaa mzima unamwita Heng kwa sababu jina lake halikai mdomoni. Yeye mnampa kiti na maji baridi. Mimi mnanipa kalamu, niweke saini panapomhusu mwenye nyumba. Sina kinyongo, kalamu zenu zinaandika vizuri.

YAH: OMBI LA KUNYIMWA RUHUSA YA KUZEEKEA UGENINI

Wiki iliyopita binti yangu Wilaiwan alinitangazia, kwa ule upole wa kumweleza mtoto habari za sindano, kwamba nyumba yangu itauzwa baada ya sikukuu ya maji ya mwaka mpya, na mimi nitahamia kwake Bangkok, ghorofa ya kumi na nne, nikapumzike. Nimelitafakari jambo hili kwa makini. Mzee anayeiacha nchi aliyoizoea akaenda kumalizia siku zake katika nchi asiyoijua ni mstaafu wa kigeni, na wastaafu wa kigeni ni kazi ya ofisi yako. Kwa hiyo naomba unichunguze kama mnavyomchunguza Heng, nishindwe, kisha unipe barua ya kunikatalia yenye mhuri. Binti yangu hanisikilizi mimi, lakini mhuri anauheshimu. Ndivyo nilivyomlea, na sasa najuta kidogo.

Sababu zangu ni hizi:

1. Kule ni ng'ambo, wasikudanganye. Nilikwenda majira ya baridi yaliyopita, kwa matembezi, nikajionea. Mlango wa jengo hufunguliwa kwa kidole. Vidole vyangu vimesuguliwa na udongo na maji tangu nikiwa msichana, havina michirizi tena, ni laini kama sabuni iliyotumika. Nikaweka kidole, mashine ikasema haimtambui mtu huyu. Nikaweka kingine, mwishowe nikaviweka vyote kumi, kimoja kimoja, na nyuma yangu foleni ya watu wenye mifuko ikinisubiri kwa adabu. Kila nikitoka kununua mboga, mlinzi ananiandikisha upya: jina, namba ya kitambulisho, namtembelea nani. Nikamwambia mimi naishi hapa. Akanijibu kwa heshima zote, mikono kifuani, "Bibi, wanaoishi hapa mashine inawajua."

Heng hajawahi kuambiwa neno kama hilo na nchi hii, na yeye ana pua ya futi moja.

Lugha nayo ni tatizo. Mimi nasema kilugha cha huku kaskazini. Wajukuu wanasema cha Bangkok kilichochanganywa na kile cha kwenye simu. Mezani mama yao alikaa katikati akitutafsiria, chakula chake kikipoa. Wali wa kunata huletwa kwa pikipiki ukiwa umefungwa plastiki. Nilipanda pilipili kwenye ndoo barazani, uongozi wa jengo ukatuandikia onyo kwamba ndoo inaharibu sura ya jengo. Mheshimiwa, nchi inayoogopa mche wa pilipili mimi nitaiweza?

2. Ofisi yako ina upendeleo. Heng hawezi kukaa hapa hivi hivi. Kila siku tisini lazima aseme analala wapi. Kila mwaka lazima aoneshe picha yake akiwa chini ya namba ya nyumba, na ramani ya kuchorwa kwa mkono kutoka hekaluni hadi mlangoni kwetu. Ramani namchorea mimi. Mwaka wa kwanza niliweka jogoo kwenye kona, afisa wenu akauliza kama huyo jogoo ni alama ya barabarani.

Mwaka jana mkamtuma yule afisa binti aje kuhakikisha. Aliketi ukumbini kwangu akamuuliza Heng anakula nini, shinikizo la damu liko vipi, majirani wanamtendeaje. Akaniuliza hata mimi kama mzee anaonekana ana furaha. Nikasema anaonekana, hasa akila. Baadaye akataka kumpiga picha, akaniona nimesimama pale na birika langu la chai.

"Na wewe bibi ni nani hapa?"

"Mwenye nyumba, mwanangu."

"Basi sogea kidogo, unamziba."

Nikasogea. Niliijenga nyumba hii na marehemu mume wangu ubao kwa ubao, nikasogea. Lakini sikuandika barua kwa ajili ya hilo. Naandika kwa sababu mimi ninatakiwa kuhama na hakuna aliyetumwa kuja kuuliza nitakula nini kule, wala kama nitakuwa na furaha. Hata picha sikupigwa.

3. Sheria ya kumtolea taarifa mgeni inawalinda watu wasiohitaji kulindwa. Unaijua vizuri: mgeni akilala kwako, wewe mwenye nyumba uwaambie Uhamiaji ndani ya siku moja. Sasa sikiliza. Mwaka jana nilianguka bafuni. Nililala pale sakafuni, mguu umekwenda upande wake, nikiwahesabu mijusi. Nilikuwa mwenyeji wa nchi hii, nimelala mahali pasipo pangu, na hakuna ofisi iliyokuwa na shida ya kujua.

Aliyenipata ni Heng. Siku zake tisini zilikuwa zimefika, akaja kuniomba nakala ya kitabu cha usajili wa nyumba yenye saini yangu. Akabisha, akabisha, na kwa kuwa anaiogopa ofisi yako kuliko anavyoniogopa mimi, akavunja mlango. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona kwa sababu ya fomu yenu, nasema hivyo bila kejeli hata chembe.

Akanisindikiza mpaka hospitali ya mkoa jirani, akalala kwenye kiti kando ya kitanda changu mpaka nilipofunguliwa kamba ile ya kuning'inizia mguu. Tuliporudi mkatoza faini, maana mgeni alikuwa amelala nje ya anwani yake na kurudi, na mwenye nyumba hakutoa taarifa. Mwenye nyumba alikuwa na plasta hadi pajani. Faini nililipa kwa moyo mkunjufu, na yule afisa wa dirishani aliniombea nipone haraka.

Hapo ndipo Wilaiwan aliposema siwezi kuishi peke yangu tena. Nikamwambia siishi peke yangu, Heng yuko hatua chache tu, mbele ya mti wa mfenesi.

"Huyo ni mpangaji, Mama," akasema. "Si ndugu. Siku akikasirika na nchi yetu anapanda ndege, wewe utabaki sakafuni."

Nikamwacha ashinde. Si kwamba alisema kweli, ila nilikuwa na plasta.

4. Fedha na bima. Fedha za Heng zinatakiwa zilale benki, zisiguswe. Zangu hazijawahi kupata usingizi. Bima sina. Hilo peke yake latosha nikataliwe.

5. Mwenyeji wangu mtarajiwa hafai. Kabla hamjampa Heng mwaka mwingine, huwa mnanichunguza na mimi: nyumba ni yangu kweli, namjua mgeni wangu kweli, nina habari zake? Mchunguzeni na Wilaiwan. Ni mtu wa ofisi, ana vikao, ana watoto wawili wa mitihani, ana mume ambaye hata usingizini anajibu barua pepe. Habari zangu hana. Ananiita kwake kwa sababu ya hofu ya majirani watasema nini, mama mtu ameachiwa Mzungu. Simu yangu hii mimi naitumia kuangalia saa tu. Mtu asiyekuwa na habari nawe leo, atakuwa nazo ukiwa chumba cha pili?

6. Hatari kwa taifa. Nyumba ikiuzwa, Heng anakosa anwani. Akikosa anwani, hana pa kutolea taarifa. Asipotoa taarifa, hamtampa mwaka mwingine, na mwaka wake unaisha Jumatatu ijayo, nami sijui nitaweka saini kwa nyumba gani. Mtakuwa mmemfukuza mtu mliyemchunguza zaidi ya miaka kumi, mpaka mnajua shinikizo lake la damu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: huyu tulimpa jembe siku nyingi. Ndiye anayefagia uwanja wa hekalu kabla ya sikukuu. Ndiye anayewalisha mbwa wa barabara yetu, na kwa kuwa huwaamkia asubuhi kwa kukutanisha viganja, mbwa wamekuwa na kiburi, hawamheshimu mtu mwingine. Akiondoka, nani atawatawala? Mimi nitakuwa ghorofa ya kumi na nne.

Basi kama sheria hairuhusu kuninyima, nimefikiria njia ya katikati itakayoridhisha pande zote. Ghorofa ile inahitaji mzee. Wilaiwan amekwishanunua kitanda, ameweka na vishikio bafuni. Heng ni mzee. Bima anayo, fedha zake zinalala, amezoea kuandikishwa mlangoni bila kununa, na vidole vyake vina michirizi ya kutosha mashine kumi. Lugha ya wajukuu haijui, lakini hata mimi siijui. Mpelekeni Heng Bangkok akawe mama mkwe, nami niacheni hapa. Kila baada ya siku tisini nitakuja ofisini kwako, kwa miguu yangu, kutoa taarifa kwamba bado niko kwangu.

Naomba majibu kabla ya sikukuu ya maji, maana dalali amekwishakuja mara mbili kupima kiwanja, na mara zote mbili amekula kwangu.

Nisalimie yule afisa binti, umwambie chai yangu ile aliisifu sana, kwa hiyo kusogezwa nimekwisha kusamehe. Nisalimie afisa wa dirishani, mama wa kantini, na yule kijana wa mashine ya nakala ambaye kila mwaka huniambia karatasi zimekwisha. Majirani zangu wote wanakusalimu, isipokuwa wale wanaotaka kununua kiwanja.

Nabaki hapa hapa, kama mhuri wako utanisaidia,

Chamoi Kaewmoon
Mwenye nyumba

Nyongeza:

Mheshimiwa, barua hii usiishughulikie. Naituma kwa sababu stempu imekwisha kubandikwa na stempu haibanduki.

Heng alikuja kuichukua aipeleke posta. Maandishi yetu huyasoma polepole, kidole chini ya mstari, nami nikamwacha asome huku nikiosha wali. Alipofika kwenye ombi la kumfanya mama mkwe alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akarudi nyuma, kwenye namba tano, akaisoma tena.

"Dada Chamoi," akasema, "tangu nikae hapa simu yako imelia mara tatu. Nani anapiga?"

Nikamwambia ni wale watu wa kuuza bima. Akaigeuza. Picha ya Wilaiwan ilikuwa pale, anacheka.

Ni kweli, hupiga kila jioni. Nisipopokea, sisikii habari za nyumba kuuzwa, na siku inapita. Naogopa, Mheshimiwa. Sikulielewa hilo mpaka nilipomwona Heng ameishika simu kwa mikono miwili, kama kitu cha kuvunjika.

"Mimi binti yangu hajanipigia tangu nihamie huku," akasema. "Unadhani kwa nini navaa shati zuri nikienda Uhamiaji? Ni pale tu ninapoulizwa nalala wapi."

Miaka yote hii nimeketi kando yake kwenye viti vyenu, nikimwonea wivu kwa ile glasi ya maji.

Jumatatu nitakuja naye kama kawaida kuweka saini. Nyumba haiuzwi, hati ina jina langu, na Heng atabaki na anwani yake. Mimi nitakwenda Bangkok mpaka mvua zianze, kisha nitarudi. Wilaiwan bado hajayajua haya, maana simu ilipolia tena nikaipokea nikiwa nimeyapanga yote ya kumwambia, naye hakuniuliza habari za nyumba hata kidogo.

"Mama, umekula?"

Nikasema bado. Akasema hata yeye bado, alikuwa ananisubiri.