Shamba la Yusufu Lagombea Ubunge

Ijumaa hiyo baada ya sala, jua la Abu Hamour, huku Uarabuni, lilikuwa la kukaangia mayai juu ya boneti, na wenye akili zao walikuwa ndani. Watatu hawa walikuwa nje ya duka la chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, kila mmoja kakalia kreti lake la soda. Yusufu, dereva wa nyumba ya watu, alibatizwa Rivasi kwa kupenda kurudia mambo ya zamani. Sharifa wa Unguja, yaya mwenye ulimi wa moto, alikuwa Bi Pilipili. Kiprop, Mkenya mlinzi wa ghorofa kule West Bay, walimwita Afande.

Afande akainua simu. "Watanzania mna vituko! Naibu waziri wenu amezindua kampeni shambani. Ati Salum Maboga. Anasema alianza maisha kwa shamba la babu yake."

Yusufu akaivuta ile simu, chai ikampalia.

"La babu yake? Hilo shamba langu! Nilimwachia aniangalizie nilipokuja huku, mwaka wa kumi na mbili huu!"

"Mliandikishana?" Sharifa akauliza.

"Niandikishane na jirani? Si ningekuwa nimemtukana? Tulishikana mikono, tukala mihogo."

"Wueh! Mkataba wa mihogo," Afande akasema. "Na wakili alikuwa nani, kachumbari?"

"Ushahidi ninao! Tazama hilo sanamu la kufukuzia ndege. Limevaa suruali yangu ya harusi!"

Vichwa vitatu vikagongana juu ya kioo.

"Suruali hiyo? Mbona mguu mmoja unatosha bi harusi na mashangazi zake?"

"Ndiyo ilikuwa fasheni, Bi Pilipili! Usinitoe kwenye hoja. Huyu mtu alilima boga langu moja likawa kama ng'ombe kalala. Akapata zawadi ya maonyesho ya Nane Nane, akapigwa picha, na kamera ikamnogea. Akagombea udiwani, akapata. Akagombea ubunge, akapata. Kila cheo kwa mbolea yangu!"

"Lakini bungeni analala tu," Afande akasema. "Nimemwona. Anakoroma mpaka maiki inatingika."

"Mkulima huyo, anaamka saa kumi alfajiri," Sharifa akamtetea. "Ulitaka alale wapi?"

Yusufu akapiga goti lake kwa ngumi. "Uchaguzi huu lazima aanguke. Nataka shamba langu."

Sharifa akamtazama kama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Kaka Yusufu, akianguka ataelekea wapi? Si atarudi shambani? Humng'oi tena hata kwa trekta."

Yusufu akakuna kidevu. Hata mashine ya hewa baridi ya dukani ilionekana kufikiri.

"Ni ukweli, mzee," Afande akasema. "Lakini akishinda, akuwe waziri kamili, jembe atalishikia wapi?"

Yusufu akapanda juu ya kreti. "Maboga oyee! Maboga mitano tena!"

Muuza chai akachungulia, akidhani pametokea ajali. Yusufu alikuwa keshampigia mkewe Rehema, Korogwe, simu kaiwekea spika ili kampeni isikike.

"Mke wangu! Uambie ukoo mzima, kura zote kwa Salum Maboga!"

"Umechelewa, baba watoto," Rehema akajibu. "Mimi mwenyewe nilichukua fomu, nikapitishwa. Nashindana naye ubunge."

Sharifa akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Wewe? Kwa nini?"

"Kwa shamba letu! Miaka mitano nahangaika na maofisi, kila mlango nafungiwa. Nikaona heri mlango uwe wangu."

Yusufu akavimba kifua, akawageukia wenzake. "Mmesikia? Huyo ndiye niliyemuoa! Shamba limerudi!"

"Litarudi," Rehema akasema, "ila mimi nitakuwa bungeni Dodoma. Nani atalima? Unarudi?"

Yusufu akaitazama karaki yake. Akalitazama gari la bosi lililokuwa likimngoja kivulini, injini inaunguruma, ndani baridi ya peponi. Akakumbuka jembe. Akakohoa.

"Mama watoto, unajua... mkataba wangu huku..."

"Nilijua. Wala usijali, nimeshapata mtu. Nikishamshinda Maboga atakuwa hana kazi, na ardhi ile keshaizoea."

Simu ikakatika. Afande akasimama, akanyoosha kofia yake, akaipigia ile simu saluti.