Barabara Isiyo na Abiria

Redio ndiye aliyeyaanzisha mambo haya. Huyu ni fundi wa redio, ila jina hatukumpa kwa sababu ya ufundi. Tulimpa kwa sababu hazimiki. Jumamosi ile alifika kwenye benchi letu, hapo nje kwa Kinyozi, hata mkaa wangu haujashika vizuri chini ya birika la kahawa.

"Mmesikia habari ya leo? Huko duniani kuna watu wana chama kizima. Wanatafuta vijia vya mashambani, vyenye kona na miti, halafu wanaendesha magari humo. Kwa raha tu!"

Kinyozi akatoa kichwa mlangoni, mashine inanguruma mkononi. Ndani alikuwa na mteja ameshanyolewa upande mmoja.

"Wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote."

"Sasa watajuaje kama wamefika?"

"Hawafiki! Wanazunguka, wanatazama milima, wanarudi kwao."

"Huyo kwetu anaitwa amepotea."

"Kinyozi, huna ustaarabu wewe. Kuna raha ya barabara yenyewe!"

Nami nikaona nafasi yangu hiyo. "Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Anatoka kwangu, anafika kwako, wala hajasogea hata hatua."

"Harufu ya kitunguu," akasema Kinyozi.

"Umekosa. Nipe mji."

"Mji sina, chukua kituo cha mwisho," ikasema sauti kutoka ncha ya benchi. "Jibu ni barabara. Na mimi, jamani, hiyo barabara ya raha naitaka. Naitaka kesho."

Alikuwa Gia Tano. Mzee huyu kaendesha mabasi tangu ana nywele mpaka hana, juzijuzi kastaafu, akanunua kijigari chake kikuukuu, kidogo, anakifuta vumbi kuliko anavyofuta jasho lake. Huwa mtu wa vicheko. Siku ile kikombe kilimpoa mkononi.

"Kesho kuna nini?" nikamuuliza.

"Jumapili iliyopita nilimtoa mke wangu matembezi. Ya kwanza tangu tuoane, Bibi. Nikamkalisha nyuma, dirishani, kiti cha heshima. Tunakwenda vizuri, upepo unaingia. Kufika kona ya sokoni, namwona mama kainua mkono..."

"Ukasimama!" Redio akadakia.

"Mguu ndio uliosimama! Mimi mwenyewe nilitaka kuendelea."

"Ukampakia?"

"Yeye, mtoto wake na kuku wake. Na vijana wawili waliokuwa wanamshikia kuku."

"Basi?"

"Na fundi bomba. Yale mabomba yalitokeza madirisha yote mawili."

"Na shemeji yetu je?"

"Alisogea. Akasogea tena. Halafu nikasema... si mimi, ni ulimi tu... nikasema, 'Mama wa dirishani, hebu mpakate mtoto wa mwenzio.'"

Redio alishuka benchi akakaa chini kabisa, anacheka hana sauti. Mteja wa nusu kichwa alitoka na shuka lake shingoni ili asipitwe.

"Chekeni," akasema Gia Tano. "Mke wangu hakucheka. Kaniambia, kesho ndiyo mara ya mwisho. Nikimpakia mtu mmoja tu, yeye anashuka, anahamia kwa dada yake, na matembezi nikatembee na mabomba." Akatazama kikombe. "Watu wote wa mji huu nimewapeleka harusini. Yeye nilikuwa namwacha nyumbani na masufuria. Nataka nimpeleke yeye, jamani. Yeye peke yake."

Redio akainuka, akarudi kwenye benchi.

"Basi unataka njia isiyo na watu pembeni," akasema Redio. "Pita ya mtoni! Miti, maji, ndege."

"Na wafua nguo. Kila mmoja na beseni."

"Ya kwenye msitu wa misonobari."

"Wakata kuni. Mzigo wa kuni ukiingia ndani, mke wangu atakaa wapi? Kwenye buti?"

Kinyozi akajipiga kifua. "Nisikilizeni mimi. Nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kimyaa! Lami safi!"

"We Kinyozi, unataka niachike? Jioni zamu inatoka pale, mamia! Nitarudi na nusu yao juu ya paa!"

Kinyozi akacheka mpaka akapiga benchi kwa kiganja: pa! pa!

Mguu wa kulia wa Gia Tano ukaruka mbele, ukakanyaga, ukalipata birika langu. Kahawa ikalala chini.

"Nisamehe, Bibi! Konda akigonga bodi mara mbili, mimi nimeshaondoka. Sina habari tena na mtu."

Nikalisimamisha birika langu, nikapangusa mikono. "Nenda ya makaburini."

"Bibi!"

"Nini? Ile inayopita makaburini ikapanda mlima. Miti imekumbatiana juu kwa juu, kona kama utumbo wa mbuzi, na ukifika kileleni unaliona bonde lote. Kule hakuna atakayekuinulia mkono. Abiria wote wameshashuka."

Gia Tano alinishika mikono yote miwili kama nimemzaa mara ya pili.

Jumapili jioni tukakisikia kijigari kinakuja, honi juu. Akaegesha mbele ya benchi, akashuka kifua mbele.

"Nimekwenda, nimerudi, sijapakia mtu! Hata mmoja! Ile barabara, Bibi, inateleza kama uji! Tukasimama kileleni, nikatazama bonde mbele yangu, halafu tukateremka. Nimempigia hadithi njia nzima, wala hakunikatiza. Hajawahi kunisikiliza vile. Nikajua leo kafurahi."

Nilichungulia kiti cha nyuma. Nikachungulia tena kwa miwani.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!"

"Aliondoka na abiria mmoja, kituoni karudi hana hata mmoja, na anaapa njiani hakumwacha mtu."

Gia Tano alifungua kinywa ajibu. Akageuka kutazama garini.

"Mbona... alishuka kule kileleni kuchukua kanga yake kwenye buti," akanong'ona. "Buti halifungi vizuri. Akalipiga mara moja, halikushika, akalipiga tena..."

"Pa, pa," akasema Redio taratibu.

Gia Tano alikuwa anatafuta funguo, nazo ziko mkononi mwake, tukasikia kengele ya baiskeli. Mlinzi wa makaburi alikuwa anakanyaga kwa jasho, na nyuma yake, kakaa upande kama bibi harusi, kanga begani na maua mwitu kifuani, mke wa Gia Tano.

Kinyozi ghafla akakumbuka ana mteja. Redio akaanza kukagua kiatu chake.

Shemeji akateremka. Akamshukuru mlinzi. Akatembea mpaka mbele ya mumewe, akamtazama tangu upara hadi vidole.

"Mke wangu, mguu huu..."

"Nyamaza. Nilipiga kelele nikachoka. Kisha nikakaa juu ya jiwe. Hakuna aliyeniuliza chumvi iko wapi. Hakuna mtoto wa mtu mapajani. Nikatazama bonde mpaka jua likalegea." Akanusa maua yake. "Ile barabara ni nzuri. Jumapili ijayo unipeleke tena, uniache palepale."

"Nikuache? Na... na nikufuate saa ngapi?"

"Wewe uwe unapitapita tu. Nikitaka kurudi, nitainua mkono."

Kinyozi akatoka mlangoni, akaangua kicheko na kuinua kiganja juu ya benchi. Nikakidaka hewani. Birika lilikuwa limejaa.