Mabua ya Mama Mkwe

Jamaa zangu, leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia haraka kabla hamjaipata habari kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mnajua tangu nitoke chuoni wimbo wangu ni mmoja: mboji. Udongo wetu wa Kitui ni mwekundu na mkavu. Mvua ikinyesha unakwenda zake na maji. Uchanganye na majani yaliyooza, nilisema kila mahali, utashika maji na mtama utasimama. (Hilo ni kweli hata leo. Ndilo linaloniuma.)

Baada ya mavuno nilitaka mabua ya kurundika. Yangu hayakutosha. Mama mkwe alikuwa nayo, ameyahifadhi juu ya mti kwa ajili ya ng'ombe wake mmoja aliyebaki baada ya ukame. Kwetu Wakamba, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawabishani. Nikamtuma mke wangu, Mbula. Mama hakuweza kumnyima mkwe. (Nilijua hataweza.)

Nikajenga rundo refu, zuri, kama la kwenye kitabu. Kitabu kilisema limwagiwe maji kila wiki.

"Maji?" Mbula aliuliza. "Nishinde nikichimbua mchanga mtoni nipate debe moja, nije niyanyweshe mabua?"

"Basi yataoza yenyewe," nikasema. Msomi huyo!

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulifunua. Nikaalika majirani waje asubuhi. Nikavaa suruali yangu nyeupe ya chuoni. Mama mkwe naye akaja, akasimama mbali, ametugeuzia mgongo, ameshika kamba ya ng'ombe wake. Mbavu za yule ng'ombe zilihesabika. Nikajifanya sizioni.

Nikahutubu. Hewa, unyevu, joto, vidudu vidogo visivyoonekana. Kisha nikapanda juu ya rundo na jembe langu, ili wote waone.

Pwaa! Rundo likanimeza mpaka kiunoni.

Ndani hamkuwa na mboji. Hamkuwa na bua hata moja. Mlikuwa na mchwa, waliokula kila kitu wakaacha ganda la udongo. Sasa walikuwa wanapanda miguuni mwangu.

"Bwana mwalimu," akaita jirani yangu Nzioka, "ndivyo vile vidudu visivyoonekana?"

Mmewahi kung'atwa na mchwa askari? Si mmoja, ukoo mzima? Nilichomoka, nikakimbia, nikavua suruali huku nakimbia. Na nilikimbilia upande gani? Wa mama mkwe.

Hata Nzioka hakucheka. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika. Mama akajifunika leso usoni.

"Mbula," akasema polepole, "mwambie mume wako mimi sijaona kitu. Lakini muulize, ng'ombe wangu atakula nini mpaka mvua?"

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, nimejibanza nyuma ya kichaka. "Mbula," nikasema, "mwambie mama..."

Watu walipoondoka nilikwenda kunawa nyuma ya jiko, pale Mbula anapotupa maganda na kumwaga maji ya vyombo. Nikakanyaga udongo mweusi, laini, wenye harufu ya mvua. Mboga ya maboga imetambaa juu yake, imenona. Mboji hiyo! Miaka yote hii mimi nikipaita jalalani.

Mchana kutwa nimekuwa juu ya paa la kibanda changu cha kusomea, nikiezua nyasi na kuzitupa chini. Ng'ombe wa mama anazila, taratibu, bila kuniangalia. Zitamfikisha wiki mbili. Baada ya hapo sijui, na hilo silifanyii mzaha.

Vitabu vyangu sasa vinatazama mbingu. Mvua ikija, walau kile cha mboji kitapata maji kiliyoagiza.