Cheti cha Kufanana na Wenyeji

Jumatatu moja ya Machi 1965, saa nne kamili, ilitangazwa rasmi mbele ya soko la Nyamira kwamba aibu imekwisha. Tangu siku hiyo, hakuna mwanafunzi wa tarafa ambaye angekwenda kusoma ng'ambo akaonekana mgeni. Angevaa kama wenyeji, angetembea kama wenyeji, na wenyeji wenyewe wangemuuliza njia. Kazi hiyo ilikabidhiwa Ofisi ya Kufanana na Wenyeji, yenye chumba kimoja, muhuri mmoja, mwenyekiti mmoja na karani mmoja.

Karani aliitwa Manasseh. Alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alimheshimu sana mwenyekiti, Bwana Walter Ogari, kwa kuwa ndiye mtu pekee wa tarafa aliyewahi kufika Uskoti. Bwana Ogari alikwenda mwaka 1961 kutazama jinsi majani ya chai yanavyopakiwa. Siku ya pili kifua kilimbana, akalazwa hospitali wiki sita, kisha akapakiwa yeye mwenyewe kwenye ndege na kurudishwa. Ukiondoa siku ile ya kwanza, ambayo ilikuwa na ukungu, Uskoti yote aliyoijua ilikuwa ndani ya wodi moja. Yeye hakuona tatizo. Wiki sita ni wiki sita.

Kwa hiyo Mwongozo wa Kufanana, kurasa kumi na moja, uliandikwa bila wasiwasi wowote. Wenyeji wa Uskoti, ulisema, huvaa suruali na koti la kitambaa chepesi chenye mistari ya buluu, na ndara miguuni. Hutembea polepole, mkono mmoja umeshika ukuta. Hunywa uji alfajiri, na huwa hawazungumzi wakiwa na kijiti cha kioo mdomoni. Wakikutana na mtu humshika kifundo cha mkono na kutazama saa, kwani ni taifa linalojali wakati.

"Na wale wanaume wanaovaa sketi?" Manasseh aliuliza siku moja, kwa uangalifu.

"Porojo. Nimekaa huko wiki sita, sijaona hata mmoja."

Manasseh akaandika: porojo.

Mwezi wa Agosti akaja Drusilla Mong'ina wa Sironga. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uskoti. Barua ya chuo ilisema wazi kwamba asipofika kufikia tarehe sita Septemba, nafasi atapewa mwingine. Nayo tarafa ilisema wazi kwamba bila Cheti cha Kufanana hapewi karatasi za kusafiria. Cheti hicho kilikuwa hakijapata mtu bado. Wawili waliotangulia walinyimwa, mmoja kwa kutembea haraka, mwingine kwa kucheka.

Drusilla alikuja na mama yake, Persis, aliyetoka kuchuma chai akiwa bado na koti lake zito la asubuhi na matope kwenye buti. Manasseh akawatandikia mavazi ya wenyeji mezani. Drusilla alikuwa amefagia wodi za misheni miaka miwili. Aliyatazama yale mavazi, kisha akamtazama mama yake.

"Mzee," akasema taratibu, "hizi ni nguo za wagonjwa."

"Umewahi kufika Uskoti?" akauliza Bwana Ogari.

"Bado, mzee. Ndiyo nataka kwenda."

"Basi."

"Hao uliowaona wamevaa hivi, mzee, walikuwa wamelala?"

"Walikuwa wanapumzika. Ni watu walioendelea."

Persis akakohoa. "Na shambani kwao analima nani?"

"Wale wa nguo nyeupe," akasema Bwana Ogari. "Hao hawaketi hata kidogo, mchana kutwa ni kukimbia tu. Nadhani ni kabila jingine."

"Mimi ndio naenda kuwa mmoja wao," akasema Drusilla.

"Hilo mtazungumza nao. Ofisi hii inashughulika na wenyeji."

Manasseh akapelekwa mjini Kisii kwa fundi Shueib, aliyekwisha kushona pea saba za mistari. Safari hii zilitakiwa mbili, ya Drusilla na ya Bwana Ogari mwenyewe, kwa kuwa Kanuni ya Tisa ilimtaka mwenyekiti amsindikize mtu wa kwanza kupata cheti.

"Bwana karani," akasema Shueib, sindano zikiwa mdomoni, "huko Nyamira mna usingizi wa namna gani?"

"Hili ni vazi la taifa."

"Taifa gani? La vitanda?"

Manasseh akaandikisha vipimo, akaondoka. Ila njiani alijikuta anafikiri, jambo ambalo halikuwa katika majukumu yake.

Mtihani ulifanyika Alhamisi. Drusilla alitembea hatua arobaini akishika ukuta wa ofisi, vizuri kuliko hata mwenyekiti, maana wagonjwa aliwaona wengi. Kisha akamshika Bwana Ogari kifundo cha mkono na kutazama saa ya ukutani.

"Mzee, mapigo yanakwenda mbio. Punguza chumvi."

"Unasikia, Manasseh?" Bwana Ogari alifurahi mpaka macho yakalengwa na machozi. "Hivyo hivyo ndivyo walivyokuwa wakinisalimu!"

Cheti kikaidhinishwa. Likabaki jambo moja: mwenye cheti lazima asafiri akiwa amevaa. Drusilla alijua kwamba akishuka kwenye ndege na mistari ile atapelekwa kitandani badala ya darasani, na tarehe sita itampita akiwa amelala. Alisimama mlangoni, akamtazama mama yake.

"Karani, mwanangu," akasema Persis, "huo mwongozo unasema avae?"

"Ndiyo, mama. Ukurasa wa tatu."

"Unasema asivae kitu juu yake?"

Manasseh alisoma kurasa zote kumi na moja. Akazirudia. "Hausemi."

Persis akafungua vifungo vya koti lake zito, akamvalisha binti yake mpaka shingoni. Manasseh akapiga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nawe, mzee, tukuazime blanketi?" Persis akauliza.

"Mama," akasema Bwana Ogari, akinyoosha mistari yake, "mimi ni mfano."

Walisafiri tarehe tatu. Wiki moja baadaye ikaja simu ya maandishi kutoka kwa Bwana Ogari: NIMEPOKEWA VIZURI SANA. NIMEFANANA KABISA. WENYEJI HAWAJABADILIKA. Manasseh akaibandika ukutani.

Oktoba ikaja barua ya Drusilla.

"Kaka Manasseh, mimi nilifika darasani tarehe tano. Mwambie mama koti linanifaa sana, baridi ya huku inazidi ya Sironga. Bwana Mwenyekiti alishuka kwenye ndege akishika ukuta. Akamkuta askari, akamshika kifundo cha mkono na kutazama saa. Askari alikuwa mpole mno, akamwitia gari la wagonjwa. Niliwaeleza kwamba huyu ni mwenyekiti wetu. Wakaniambia ndiyo, dada, ni mwenyekiti.

"Juzi tulipelekwa wodini kujifunza. Kitanda cha nne ni yeye. Hana ugonjwa wowote, na kila asubuhi nikimpima mapigo ananishukuru kwa salamu. Jana alipita mwanaume mwenye sketi dirishani akipuliza zumari. Bwana Mwenyekiti amesema huyo ndiye mgonjwa.

"Shida ni kwamba hawezi kutoka bila cheti. Hutolewa na kamati ya madaktari, kila Alhamisi. Wamemnyima mara mbili, ya kwanza kwa kutembea polepole mno, ya pili kwa kutocheka. Nimemsihi atembee haraka na acheke kidogo. Anasema Mwongozo haumruhusu. Anaomba umtumie ruhusa yenye muhuri, upesi."

Manasseh alisoma barua mara mbili. Akatafuta kanuni inayohusu ruhusa, akaipata ukurasa wa tisa. Akachagua kalamu ya katikati, akaandika pembeni kwa mwandiko wake mzuri:

*Ombi limepokelewa. Litashughulikiwa na mwenyekiti mara atakaporudi.*

Akapiga muhuri, kisha akaenda kufungua mlango. Nje walikuwa wanangoja wanafunzi wanne, kila mmoja amevaa koti la mama yake.