Kompyuta Zote Ziwe Kama Yangu

Jumanne, 5 Machi. Manyunyu alfajiri, kisha jua.

Shangazi ametangaza! Chuo chake cha upigaji chapa kinafungua chumba cha kompyuta Jumamosi. Atakayezitayarisha mashine vizuri ndiye mkuu wa chumba. Tunaogombea ni wawili: mimi wa mapokezi, na wifi yangu, mke wa kaka, anayefundisha kupiga chapa. Mkuu! Miaka yote hii kazi yangu ni kuelekeza wageni chooni.

Wifi ameanza papo hapo, mashine moja moja, kama anayechambua mchele. Mimi nimepata mtandaoni programu huria, ya bure, kila mtu ruhusa. Inapiga picha ya diski nzima ya kompyuta moja, kisha unaimwaga picha hiyo kwenye nyingine zote. Zinatoka mapacha. Wifi achambue tu.

Jumatano, 6 Machi. Mawingu, joto.

Kompyuta ya mfano ni yangu, nyingine ipi? Mafaili yamepangwa kama vyombo kabatini. Kwenye skrini, picha yangu ya mahafali. Saa nne asubuhi inanikumbusha kupumzika.

Nimechomeka flashi yenye programu, nikawasha. Skrini nyeusi, Kiingereza kitupu. Ikauliza kama nina uhakika. Ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo! Nikamlalamikia shangazi kwamba hata wazee wa posa hawahoji hivi. Akanishauri niwe nasoma ninachoulizwa. Nasoma! Ila kwa haraka.

Alhamisi, 7 Machi. Jua kali.

Mapacha wanazaliwa! Wifi amepita na kikombe chake cha chai, akauliza mbele ya walimu wote, "Wifi, siku hizi umekuwa mkunga?" Nikamjibu kwamba mkunga ana kazi, je, mbeba kikombe? Walimu hoi.

Kompyuta mbili alizokwisha kuziandaa yeye nimezimwagia picha yangu kwa bahati mbaya. Nusu bahati mbaya.

Kikwazo: mashine moja imekataa. Diski yake ni ndogo kuliko yangu, na programu haikubali kumwaga ndoo kwenye kikombe. Kuna namna ya kupunguza, lakini maelezo yake ni marefu. Nimempa wifi aiandae kwa mkono. Kwa moyo mweupe kabisa. Amenishukuru mpaka nikaona haya, kidogo.

Ijumaa, 8 Machi. Upepo, vumbi hadi kwenye kibodi.

Nimemaliza. Shangazi ameniita kichwa cha ukoo. Wifi ameuliza kama nimewasha hata moja kuijaribu. Ya nini? Yangu si naijua!

Jumamosi, 9 Machi. Anga safi. Laiti ingenyesha, wageni wasije.

Kompyuta zikawashwa mbele ya wazazi na wajumbe wa bodi. Mimi kila skrini, na joho langu, kama mgombea wa uchaguzi. Mzazi mmoja akaniuliza kama mimi ndiye mwanzilishi wa chuo. Sikukanusha, ingawa shangazi, mwanzilishi mwenyewe, alikuwa ubavuni kwake akisubiri nikanushe.

Ikagonga saa nne. Ule ukumbusho! Niliurekodi mwenyewe. Mashine zikaanza kupaza sauti yangu, moja ikidakia nyingine, maana saa zao hazilingani: "Inuka, mrembo! Nyoosha mgongo! Malkia hachoki!"

Mwenyekiti wa bodi, mzee mwenye kipara na mkongojo, akainuka, akanyoosha mgongo. Chumba kizima kikamfuata. Akasema hajasikia nafuu hivyo tangu astaafu. Watu walicheka hadi machozi, isipokuwa shangazi.

Mashine moja tu ilikaa kwa adabu zake. Ya wifi. Ufunguo wa chumba akapewa yeye. Shangazi akaninong'oneza, "Malkia, wageni wanauliza choo."

Jumapili, 10 Machi. Mvua ya kutwa.

Shangazi ameamuru kompyuta zote zifanane na ya wifi. Wifi amekuja na mwavuli: "Wifi yangu kipenzi, ile programu yako mimi siijui, nitaaibika." Mkuu wa chumba huyo! Nimemsaidia. Damu nzito.

Safari hii diski ndogo imemwagwa kwenye kubwa, hakuna iliyokataa. Zimejaa zote kabla ya jioni. Hakuna picha yangu, hakuna sauti yangu. Wifi amenikumbatia. Shangazi amesema kwenye simu kwamba sasa nimekua.

Ila kabla ya kupiga picha ya diski nilibadilisha nywila. Ufunguo wa mlango ushikwe na anayetaka. Kesho bila mimi hakuna kompyuta itakayofunguka. Tuone mkuu ni nani! Nywila yenyewe ni ndefu, haikisiki, na sikuiandika popote, maana kilichoandikwa huibiwa.

Nalala sasa, saa nne na robo usiku. Ningelala mapema zaidi, lakini nilikuwa najaribu kukumbuka kama inaishia na tatu au nane.